Dawa ya Damu kwa Watoto Wachanga: Mambo Yaliyojulikana Pemba

Leo tutaeleza historia ya dawa ambayo watu wote huisifu, nayo ni dawa ya kuongeza damu, yaani madini ya chuma. Tumezoea kusema kwamba dawa hii haina ubaya: mwenye damu kidogo itamfaa, na mwenye damu ya kutosha haitamdhuru. Neno hilo la pili ndilo tutakaloliangalia leo, maana liliaminiwa miaka mingi na watu wenye elimu kubwa, na waliogundua kosa lake walifanya kazi hapa kwetu, Pemba.

Tuseme wewe ni mlezi katika makao ya watoto kule Ole, kaskazini ya mji wa Chake Chake. Mikononi mwako wamo wachanga kumi na wawili. Mmoja alifiwa na mama yake siku ile ile aliyozaliwa. Mwingine alizaliwa kabla ya miezi yake, ana uzito wa kuku. Wa tatu ametoka hospitali juzi, baada ya homa kali, na huko alitiliwa damu. Kila asubuhi, ukiisha kuwaogesha na kuwanywesha, unachukua chupa ya dawa ya damu na kijiko, unaanza na wa kwanza mpaka unamaliza na wa kumi na mbili. Wote kijiko kimoja, wote kila siku. Ni kazi njema, tena ni nadhifu, na mkaguzi akija atafurahi kuiona katika daftari. Je, inawafaa wote sawasawa?

Kwanza tufahamu kwa nini mtoto wa makao huhitaji chuma kuliko mtoto aliye kifuani pa mama yake. Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa na akiba ya chuma mwilini, aliyopewa na mama alipokuwa tumboni. Akiba hiyo humtosha kwa muda wa miezi minne mpaka sita hivi. Maziwa ya mama yana chuma kidogo, lakini kidogo hicho huingia mwilini vizuri. Aliyezaliwa kabla ya wakati, au mdogo mno, akiba yake ni haba, humwishia mapema. Na yule anayenyweshwa maziwa ya ng'ombe ana matatizo mawili: maziwa hayo yana chuma kidogo kisichoingia mwilini vizuri, na kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja huweza kuyachubua matumbo yake yakavuja damu kidogo kidogo, ambayo mlezi haioni hata akitazama nguo. Basi mtoto asiye na mama ana njia nyingi za kupungukiwa na damu. Anakuwa mweupe wa viganja na wa midomo, halafu anakuwa mzito wa kucheza na mzito wa kusema.

Jambo hili lilionyeshwa wazi na daktari mwanamke wa London, Helen Mackay. Mwanamke huyu alikuwa amefanya kazi Vienna baada ya Vita Kuu ya Kwanza, pamoja na Harriette Chick, katika hospitali ya watoto ya mji ule uliokuwa na njaa. Huko waliwapa wachanga wengine mafuta ya samaki kila siku na wengine hawakuwapa, wakaona waliopewa hawakupata ugonjwa wa matege. Mackay aliporudi London alikuwa na wazo hilo kichwani: kitu kidogo, kila siku, na kundi la pili la kulinganisha nalo. Katika hospitali ya watoto ya mashariki ya mji, mtaa wa maskini, aliwapima damu watoto wengi, akaona wanaonyonya chupa wana damu kidogo kuliko wanaonyonya mama zao. Akawapa chuma. Damu ikapanda. Tena akaona kwamba waliopewa chuma waliugua mafua na kuharisha mara chache kuliko wenzao. Aliyaandika hayo mwaka 1928, na kwa urefu zaidi mwaka 1931. Mwaka 1934 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa mwanachama wa daraja la juu katika Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London.

Kazi yake ilikuwa nzuri, na mimi sioni la kumlaumu. Lakini angalia mahali ilipofanyika. London ya 1928 haikuwa na homa ya malaria. Mtoto wa mtaa ule alikuwa na baridi, moshi na umaskini, bali mbu wa malaria hakuwa naye. Hukumu iliyotoka kwake, kwamba chuma humkinga mtoto na maradhi, ilisafiri ikafika nchi za joto kama kwamba mtoto ni yule yule na nchi ni ile ile.

Dalili za hatari zilitokea mapema, ila mahali mbalimbali, na kwa hiyo hazikuunganishwa. Huko New Zealand wachanga wa asili ya Polinesia walikuwa wakipigwa sindano ya chuma mara baada ya kuzaliwa, kwa nia ya kuwakinga na upungufu wa damu. Ikaonekana wanapatwa na sumu ya vijidudu katika damu kuliko wasiopigwa sindano, na desturi hiyo ikaachwa. Habari yake ilichapishwa 1977. Mwaka uliofuata, 1978, madaktari wa jamaa ya Murray waliandika habari za Wasomali wafugaji waliokuwa na upungufu wa chuma. Kundi moja lilipewa chuma, kundi jingine vidonge vitupu. Katika kundi la vidonge vitupu maradhi ya kuambukiza yalitokea mara 7. Katika kundi la chuma yalitokea mara 36, na miongoni mwake malaria na kifua kikuu vilivyokuwa vimelala mwilini vikaamka. Wakati ule wengi walisema hayo ni mambo ya watu wenye njaa kali, hayatuhusu sisi.

Hapa Tanzania jambo lenyewe lilijaribiwa Ifakara, katika Mkoa wa Morogoro. Wachanga 832 waliozaliwa hospitalini mwaka 1995 waligawanywa kwa kura katika makundi. Wengine walipewa chuma kila siku, wengine dawa ya kuzuia malaria kila wiki, wengine vyote viwili, na wengine vitupu. Matokeo yalitolewa 1997. Chuma kilipunguza upungufu mkubwa wa damu kwa karibu asilimia 29, na malaria haikuongezeka. Dawa ya kuzuia malaria ndiyo iliyofanya kazi kubwa zaidi: ilipunguza malaria na upungufu mkubwa wa damu kwa zaidi ya nusu. Lakini ilipokoma, watoto wale walishikwa na malaria na kupungukiwa damu kuliko wenzao, kwa kuwa miili yao haikuwa imejifunza kupigana. Yafaa mlezi akumbuke jambo hili la mwisho. Dawa ya kila wiki ina siku ya kuanza, nayo ina siku ya kuisha, na siku ya kuisha inataka mpango wake.

Watoto wa Ifakara walikuwa wakifuatwa kwa karibu, na hospitali nzuri ilikuwa jirani. Hili litatusaidia mbele.

Sasa tuje Pemba. Kisiwa hiki kina sifa ya karafuu, lakini madaktari wa minyoo na wa damu wanakijua kwa sababu nyingine. Mtaalamu wa Kiitalia, Ivo de Carneri, alifanya kazi hapa kabla ya kufariki kwake mwaka 1993, na maabara ya afya yenye jina lake ilifunguliwa mwaka 2000 karibu na Chake Chake. Kabla ya hapo, Rebecca Stoltzfus na wenzake walikuwa wamewapima wanafunzi wa Pemba wakaona jinsi minyoo ya safura inavyowanyonya damu. Kule Kengeja, kusini ya kisiwa, walichukua watoto 614 wa umri wa miezi sita mpaka karibu miaka mitano. Karibu wote walikuwa na upungufu wa damu. Wakawapa wengine chuma kila siku kwa mwaka mmoja. Matokeo yaliyotangazwa 2001 yalionyesha kwamba waliopata chuma walikwenda mbele katika kusema, na wale waliokuwa na damu kidogo zaidi walikwenda mbele katika kutembea na kutumia viungo. Mama yeyote anajua thamani ya hilo.

Wakati huo huo mwongozo wa mwaka 1998, uliotolewa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF, na ambao Stoltzfus mwenyewe alikuwa mwandishi wake mmoja, ulikuwa umeagiza hivi: mahali penye upungufu mwingi wa damu, kila mtoto wa miezi 6 mpaka 24 apewe miligramu 12.5 za chuma pamoja na asidi ya foliki, kila siku, bila ya kumpima kwanza. Ndicho kile kijiko chako cha asubuhi, sasa kimeandikwa katika kitabu cha dunia.

Yalibaki maswali mawili. Je, dawa hii ikigawiwa kwa watoto wote itapunguza vifo? Na je, madini ya zinki yakiongezwa yatasaidia? Sunil Sazawal na Robert Black wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, pamoja na Mahdi Ramsan na wenzake wa hapa Pemba, walikusudia kuyajibu. Waliandikisha watoto 24,076 wa umri wa mwezi 1 mpaka miezi 35. Kwa kura, 7,950 walipewa chuma na asidi ya foliki, 8,120 walipewa hivyo pamoja na zinki, na 8,006 walipewa vidonge vitupu. Walio chini ya mwaka mmoja walipewa nusu. Vidonge viliyeyuka katika maji au katika maziwa ya mama, na hakuna aliyejua mtoto yupi anapata kipi: mama hakujua, mgawaji hakujua, daktari hakujua. Majarida ya madaktari yaliandika majina ya wataalamu. Mama wa Pemba waliokumbuka kidonge siku baada ya siku hawakutajwa, ingawa bila wao hakuna lolote ambalo lingejulikana.

Kazi kama hii huwekewa kamati ya usalama iliyo mbali, ambayo peke yake huruhusiwa kutazama hesabu kabla ya mwisho. Tarehe 19 Agosti 2003, kwa shauri la kamati hiyo, makundi mawili ya chuma yalisimamishwa.

Hesabu yenyewe ilichapishwa mwaka 2006, nami nitakueleza polepole. Watoto waliopewa chuma walizidi kwa asilimia 12 katika kufa au kupatwa na ugonjwa mkali wa kutibiwa hospitalini. Maana yake ni hii: ikiwa katika watoto wa vidonge vitupu mambo hayo yalitokea mara 100, basi katika watoto wa chuma walio sawa nao kwa hesabu na kwa muda yalitokea mara 112. Vifo peke yake vilizidi kwa asilimia 15, ila tofauti hiyo ya vifo ikiangaliwa peke yake haikutosha kuondoa shaka kwamba ni bahati tu. Kumi na mbili kwa mia si namba ambayo mlezi mmoja angeiona kwa macho yake. Katika wachanga wako kumi na wawili usingegundua kitu hata ungekaa miaka kumi. Ungeona mtoto ameshikwa na homa, ungesema ni homa ya masika, ungempeleka hospitali, na kesho yake ungeendelea na kijiko kwa wale waliobaki. Ndiyo sababu ilibidi wahesabiwe watoto zaidi ya elfu ishirini na nne.

Wakati huo huo dawa ile ile ilijaribiwa Nepal, mahali pasipo na malaria, kwa njia inayofanana. Huko haikuongeza vifo wala haikuvipunguza. Ukiweka Nepal upande mmoja na Pemba upande mwingine, kidole kinaielekea malaria.

Lakini kuna sehemu ya habari hii ambayo magazeti mengi yaliiruka, nami naiona ndiyo yenye faida kubwa kwa mlezi. Miongoni mwa watoto wale wa Pemba, kama 2,400 walichukuliwa damu mwanzoni, wakapimwa, na waliokutwa na malaria au upungufu wa damu wakatibiwa. Katika hao, waliokuwa kweli wamepungukiwa na chuma walifaidika na dawa: waliugua vibaya mara chache kuliko wenzao wa vidonge vitupu. Ambao hawakupungukiwa na chuma hawakuipata faida hiyo. Hapo unaiona tena Ifakara. Mtoto anayetazamwa, anayepimwa, anayepewa dawa ya malaria upesi anapoihitaji, chuma humsaidia. Mtoto ambaye hupewa kidonge tu, na malaria ikimpata hakuna wa kumwona, ndiye aliye katika hatari.

Kwa nini iwe hivyo? Wataalamu wana maelezo zaidi ya moja. Vijidudu vingi huhitaji chuma ili viongezeke, kama vile mche unavyohitaji mbolea. Mwili unalijua jambo hili, na ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, iliyogunduliwa mwanzoni mwa karne hii, ambayo wakati wa homa huufunga mlango wa tumbo ili chuma kisiingie katika damu. Basi mtoto mwenye malaria damu yake hupungua, nasi tunamwona mweupe wa viganja, tunamwongezea chuma, na mwili wake wakati huo huo unajitahidi kukikataa. Kisichoingia hubaki matumboni, na vijidudu vya matumbo hukila. Tena vimelea vya malaria hupenda kuingia katika chembe changa za damu, na chuma humfanya mtoto aliyepungukiwa atengeneze chembe hizo kwa wingi.

Sasa sikiliza jambo la kusikitisha kidogo. Wakati watoto wale wakipewa vidonge, klorokwini, dawa ya malaria tuliyoizoea, ilikuwa imeshashindwa kwa wagonjwa wengi wa Zanzibar. Dawa mpya ya mseto ilianza kutolewa bure katika vituo vya Unguja na Pemba mwezi wa Septemba 2003, yaani mwezi mmoja baada ya jaribio kusimamishwa. Mwaka 2006 vikafuata vyandarua vyenye dawa na kupiga dawa majumbani. Wazee wetu walikuwa wameshaona dawa ikipigwa majumbani zamani, katika kampeni ya Shirika la Afya Duniani iliyokoma 1968, na waliona pia malaria ilivyorudi baada yake. Safari hii malaria ilishuka mpaka ikawa nadra, vimelea vikaonekana kwa chini ya mtu mmoja katika mia. Haikwisha, na huzuka tena mara kwa mara, lakini Pemba ya sasa siyo Pemba ya 2003.

Huko nje, habari za Pemba zilileta hofu. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko kwamba penye malaria chuma kisigawiwe kwa watoto wote, bali kipewe mtoto aliyejulikana kupungukiwa. Shauri hilo lilikuwa la hekima, ila zahanati nyingi hazina kipimo cha chuma, na kwa hiyo mahali pengi dawa iliachwa kabisa, hata kwa wale waliokuwa wakiihitaji. Hili nalo ni kosa, maana mtoto asiye na chuma hucheleweshwa kusema na kutembea, kama tulivyoona Kengeja, na makosa ya kutotoa dawa hayaandikwi katika daftari lolote. Tafiti nyingine zilifuata, zikajumlishwa, zikaonyesha kwamba palipo na kinga na matibabu ya malaria, chuma hakiongezi malaria. Basi mwaka 2016 mwongozo ukaandikwa upya: penye upungufu mwingi wa damu, mtoto wa miezi 6 mpaka 23 apewe miligramu 10 mpaka 12.5 kila siku kwa miezi mitatu mfululizo katika mwaka. Na penye malaria, iwe pamoja na hatua za kuikinga, kuipima na kuitibu.

Na zinki je? Jaribio lake liliendelea Pemba baada ya chuma kusimamishwa, likafikia watoto 42,546, na matokeo yalitoka 2007. Haikudhuru, lakini kwa watoto wote kwa jumla upungufu wa vifo ulikuwa mdogo, asilimia 7, usioweza kuthibitishwa. Faida yake iliyo wazi ni kwa mtoto anayeharisha: shauri lililotolewa mwaka 2004 lilikuwa miligramu 10 kwa siku kwa aliye chini ya miezi sita na 20 kwa aliyezidi, siku 10 mpaka 14, pamoja na maji ya chumvi na sukari ya pakiti.

Turudi kwa wachanga wako, tuwatazame mmoja mmoja. Aliyezaliwa kabla ya wakati akiba yake ni ndogo, naye huhitaji chuma mapema kuliko wote, hata kabla ya miezi sita, kwa kipimo cha uzito wake atakachokisema daktari. Aliyetiliwa damu juzi ameingiziwa chuma kingi pamoja na damu hiyo, kwa hiyo haifai kumwongezea kwa mazoea. Mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao si mgeni katika pwani yetu, damu yake hupungua kwa sababu nyingine kabisa, na akitiliwa damu mara nyingi chuma humzidi. Mwenye homa leo apimwe malaria leo, na chuma kingoje mpaka apone. Waliobaki, waliotimiza miezi sita, wanaolala ndani ya chandarua kisichotoboka, hao kijiko kinawafaa kwa miezi yao mitatu. Na chupa yenyewe iwekwe juu, ndani ya kabati lenye kufuli, kwa sababu chuma kikinywewa kwa wingi na mtoto anayetambaa huweza kumwua siku hiyo hiyo.